Utenzi wa Guu la Shoto

Nipeni kiti nikae,
pedi nami niitwae,
kisa hiki kienee
kuanzia Majengoni.

Kwa Badi, nyuma ya duka
la mkaa na mashuka,
feni moja yazunguka,
joto li lile chumbani.

Dakika kumi na tano
utalipa kwa mkono,
Badi hataki maneno,
bei yake ishirini.

Mimi ni mtu mzima,
nina wana, nina mama,
asubuhi nasimama
nitoze gari Likoni.

Jioni navua buti,
naketi juu ya kreti;
wao hunita Tiketi
wakicheka pembezoni.

Na shujaa wangu mimi
ni kijitu, hakisemi,
hakichoki, hakihemi,
chavaa ndoo kichwani.

Kinaruka, kinadaka
vibao vikitoweka;
ukisita, umefika
msumenoni, shimoni.

Mwisho wa njia, mlango:
kelele, moshi, msongo.
Kimo chake, si urongo,
hakitoshi kiooni.

Jina lake Winchi Kuu,
limeshuka toka juu,
kulabu kwa kila guu
kama zile Kilindini.

Mara ya kwanza, sekunde
tatu, likanipa konde,
nikawa kama kipande
cha muhogo sahanini.

Mara ya pili, kombora;
ya tano, likanipura;
ya kumi, nina hasira;
ya sitini, sina soni.

Famau, mwana wa Tima,
kibogoyo, akasema:
"Tiketi, acha kuhema,
litazame miguuni.

Likitaka kukuponda
guu la shoto lapanda,
lakohoa kama punda,
ndipo uruke hewani."

Mimi najua magari:
dereva mwenye kiburi
namjua kwa tairi
akiwa bado foleni.

Kumbe na jitu ni mtu,
lina mazoea yetu,
hurudia vile vitu
lilivyofunzwa zamani.

Nikalipa, nikangoja,
nikaruka mara moja
kwa wakati, bila hoja,
konde likapita chini.

Nikapiga, nikashuka,
nikapiga, nikaruka,
mafuta yakamwagika,
nikahisi vidoleni.

Watoto wakanyamaza,
kila jicho likakaza,
chenji Badi akasaza,
imelala kiganjani.

Uhai wake ni uzi,
konde moja la mjuzi;
Famau, bila ajizi,
akanifinya begani.

Guu la shoto: lapanda.
Likakohoa ja punda.
Kidole changu kikenda,
kukawa giza machoni.

Umeme! Majengo yote.
Tuliguna sote, sote.
Jirani kapiga kite,
mpira u runingani.

Hakuna aliyetoka.
Pedi bado naishika.
Famau akatamka
kama somo la chuoni:

"Guu!" Wakajibu: "Guu!"
"Kohoo!" Mmoja: "Juu!"
Nami, kidole kikuu,
nabofya mle gizani.

Tukaliua kwa ndimi,
si mara moja, ni kumi;
mbu wakila, sisemi,
nimezama mchezoni.

Umeme ulipofika
feni kwanza ikacheka,
kioo kikafunguka,
kikaniweka mwanzoni.

Mwanzoni kabisa, kule,
kijitu na ndoo ile,
vibao vile kwa vile,
jitu zima, li pangoni.

Badi akanionea
huruma, akasogea,
pesa akanitolea,
noti zangu za jioni.

Nikasukuma mkono,
sikuongeza maneno,
nikakaza yangu meno,
nikatoa thamanini.

"Badi, niwekee saa.
Famau, sogea, kaa,
mamako hatashangaa
ukichelewa nyumbani."

Kikavaa tena ndoo,
kikatazama kioo.
Nikalisafisha koo.
Tukaruka kibaoni.